Mgongo kwa Baba Mkwe

Je, umewahi kumsikia mtu akipigwa kwa ajili yako, kila pigo likakuingia mfupani, nawe ukabaki umechutama umempa mgongo? Mimi nimewahi. Ilikuwa Septemba ya mwaka 1951, ukingoni mwa mto Songwe, saa nne asubuhi, umande umeshakauka. Aliyekuwa akipigwa aliitwa Lwitiko. Aliyekuwa akimpiga ni Boazi, kaka yangu wa tumbo moja. Nivumilie kidogo nikueleze tulifikaje pale, maana nikikuanzishia na damu kabla hujawajua watu wenyewe, utadhani walikuwa wanyama.

Mwaka ule alifika Mbozi Misheni mama mmoja wa Kizungu, mrefu, mwenye kofia ya majani makavu na viatu vya kiume. Kazi yake ilikuwa kutazama ndege. Hakuwala, hakuwapiga risasi, aliwatazama tu, akaandika. Tulimwita Mama Darubini. Alitaka kuufuata mto Songwe, ng'ambo ni Nyasalandi huku ni kwetu, hadi aone mahali ndege wekundu wa shingo, wale keremkerem, wanapotoboa mashimo kwenye kingo za udongo na kuzaa humo. Akakodi lori Tunduma pamoja na dereva wake. Akamwajiri Boazi awe mpishi. Akataka na msichana wa kumfulia na kumsemea kwa wanawake wa njiani, na mchungaji akanitaja mimi, Tabita, niliyekuwa na miaka kumi na tisa na darasa la nne langu.

Dereva mwenyewe ndiye huyo Lwitiko.

Boazi alidhani nimemwona Lwitiko kwa mara ya kwanza asubuhi ile tunapakia masufuria. Hakujua kwamba mwaka mzima, kila lori lilipokuja kuchukua kahawa, mimi nilikuwa na sababu ya kupita karibu na ghala. Mara nimepoteza kuku, mara nimetumwa chumvi. Lwitiko hakuwa mzuri wa kushangaza watu. Alikuwa mweusi wa kung'aa, masikio yamesimama kidogo, na alikuwa na tabia ya kufuta mikono kwa kitambaa kabla hajamsalimia mtu, hata mtoto. Kile kitambaa ndicho kilichoniua mimi. Nilikuwa sijawahi kumwona mwanamume anayejisafisha kwanza ndipo akupe mkono.

Lakini alikuwa mtoto wa Zebedayo.

Sisi ni Wandali. Baba yetu, Mzee Yonathani, alizaliwa hukohuko bondeni Songwe, na hakupahama kwa kupenda. Boazi alipokuwa na miaka saba, baba yetu mdogo, Lusubilo, aligombana na Zebedayo juu ya mahali pa kutegea migono ya samaki. Walisukumana, wakatukanana, na Zebedayo akamchoma mkuki wa kinena. Lusubilo alikufa siku ya tatu, mikononi mwa baba, Boazi akiwa amesimama mlangoni na kibuyu cha maji. Zebedayo alifungwa miaka mingi akarudi. Baba akahamia Mbozi, akapanda kahawa, na jina la Zebedayo halikutajwa nyumbani kwetu ila siku anaponoa panga.

Lwitiko alinieleza mwenyewe ni mtoto wa nani. Alisimama nyuma ya ghala, akasema, "Zebedayo ndiye baba yangu. Sasa nenda." Nikaenda. Nikakaa wiki mbili bila kupoteza kuku hata mmoja. Wiki ya tatu nikarudi.

Basi tukasafiri siku nne, Tunduma, Mpemba, tukashuka milima ya Bundali kwa gia ndogo, breki zinanuka. Mama Darubini alikaa mbele na daftari lake. Mimi na Boazi tulikaa nyuma juu ya mahema. Lwitiko alikuwa na kioo cha pembeni, na kile kioo alikipinda zaidi kidogo kuliko inavyotakiwa. Nikiinua macho namkuta humo. Nikiinamisha, najua bado yumo.

"Wewe dereva!" Boazi alikuwa anapiga paa la gari. "Unaendesha kama umebeba mayai!"

"Nimebeba mayai kweli, kaka Boazi. Mama ameokota matatu jana, yako hapa kwenye pamba."

"Basi niyakaange yaishie hapo. Siku nne anatazama ndege, hata mchuzi hatujaonja!"

"Ukimkaangia hayo utarudi Mbozi kwa miguu."

Walipatana sana, hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Boazi alimpa Lwitiko sehemu ya juu ya ugali, ile laini. Lwitiko alimpa Boazi blanketi lake tulipolala mlimani kwenye baridi. Kaka yangu alikuwa ananiambia, "Huyu kijana ana adabu. Sijui ni wa ukoo gani, nikimuuliza anasema Tunduma, Tunduma. Tunduma ni ukoo?"

Mimi nilikuwa nasugua sufuria ambayo ilishatakata.

Asubuhi ya siku ya tano nilikwenda kuteka maji kijitoni. Jua ndiyo kwanza linachomoza. Lwitiko alikuja na debe la kujazia rejeta. Akalitua, akafuta mikono.

"Tabita, leo tunapita kwetu."

"Najua."

"Nilimwambia Mama tupite njia ya juu. Amekataa. Anasema keremkerem wako ukingoni, na ukingo wenyewe ndio ule wa baba."

"Atakuwa shambani."

"Huwa hayuko shambani. Huwa yuko njiani, anaulizia habari." Alinisogelea, akaniangalia kwa namna ambayo maji yalimwagika kutoka kwenye ndoo yangu. "Sikiliza. Ukimwona, kaa hapohapo garini. Mwamkie kama unavyomwamkia mzee yeyote. Usishuke, usijifunike. Unanielewa?"

Hapa nikueleze, wewe usiye wa kwetu. Kwa Wandali mwanamke hamtazami baba mkwe wake usoni. Akimwona anakuja, anaacha njia, anajifunika kichwa, anachutama kwenye majani na kumpa mgongo mpaka apite. Na mzee naye ana lake: akijikuta karibu na mkwewe ni yeye anayerudi nyuma. Ni heshima ya pande mbili. Mama yangu alinifundisha tangu sijaota maziwa. Alikuwa anajifanya baba mkwe, anatokea nyuma ya nyumba na fimbo, nami nakimbia kujificha kwenye migomba. Nikichelewa, fimbo inanipata miguuni.

"Sijaolewa," nikamwambia Lwitiko. "Si mkwe wa mtu. Nitaweza kukaa."

"Mama yako alikulea Kindali."

"Nimesema nitaweza."

"Tukirudi salama, nitamwambia Boazi mwenyewe. Nimechoka kula ugali wake nikiwa mwongo."

"Atakuua!"

"Basi atakuwa ameniua akijua mimi ni nani." Halafu akasema jambo ambalo lilikuwa limemkaa siku nyingi. "Mwaka mzima nakuuliza, Tabita. Mara ya kwanza ulicheka. Mara ya pili ulitazama miguu yako. Mara ya tatu ulisema kuku wako amepotea. Hujawahi kusema kwamba unanitaka. Mimi nitapigwa, hilo nimelikubali. Lakini sijui kama nitapigwa kwa ajili ya mtu anayenitaka, au mtu anayenionea huruma."

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Lakini msichana aliyelelewa kama mimi hasemi neno hilo. Linasemwa na shangazi, na mshenga, na ng'ombe. Nikainama nikajitwisha ndoo.

"Haya," akasema taratibu. "Twende."

Ukingo wenyewe ulikuwa kama ukuta wa nyumba ya udongo, mwekundu, umetobolewa matundu mamia, na keremkerem wanaingia na kutoka kwa kelele. Mama Darubini alitoka garini hata halijasimama.

"Dreva, simama! Hapana piga kelele! Ndege mingi sana, mingi sana!"

Alikuwa bado anafungua darubini yake pale kipanga aliposhuka. Hatukumwona akitoka wapi. Tulisikia upepo tu, kisha keremkerem mmoja akadakwa hewani, manyoya yakatuangukia kichwani kama unga. Kipanga akakaa juu ya gogo akaanza kumchambua akiwa hai, huku wenzake wanapiga kelele juu yake bila kuthubutu kumgusa. Mama Darubini aliandika haraka, uso umemchangamka.

"Kipanga moja," akasoma kwa sauti. "Keremkerem moja, kwisha."

Boazi akacheka. "Huyu mama hana machozi."

Tukaendelea polepole kando ya mto, matete upande mmoja. Ndipo kwenye kona akatokea mzee. Alivaa koti zito la jeshi lililokatwa mikono, miguu mitupu, mkuki begani kama mtu aliyebeba jembe. Lwitiko alikanyaga breki, lazima akanyage, njia ilikuwa moja. Nikauona mkono wake nje ya dirisha, anaufuta kwenye mlango wa gari.

"Ndaga, tata," akamwamkia.

Tata ni baba. Neno moja hilo. Boazi angeweza kulipuuza, maana hata mzee wa njiani huitwa hivyo. Kama ningekaa, tungepita. Nilijua kwamba kama nikikaa, tutapita. Nilijiambia, Tabita, kaa. Shika kamba. Sema shikamoo.

Sikujua nimeondoka mpaka magoti yangu yalipogonga mchanga. Nilikuwa nimeruka upande wa pili wa gari, kaniki nimejifunika kichwa chote, nimechutama kwenye matete, mgongo kwa mzee. Mwili ulifanya kile ulichofundishwa, ukaniacha mimi nyuma na ahadi zangu.

Injini ilikuwa imezimika.

"Tabita?" Sauti ya Boazi ilikuwa ya kushangaa, haijakasirika bado. "Umeanguka?"

Sikujibu. Mkwe hasemi baba mkwe akiwa anasikia.

"Tabita, unamkimbia nani? Mzee huyu unamjua?" Kisha nikamsikia anahema, anaunganisha moja na jingine. "Anamkimbia. Anajifunika... Mzee, wewe una mtoto wa kiume?"

"Huyu hapa, anayeendesha gari lenu," mzee akajibu, naye ameshangaa. "Na huyo binti ni nani anayeniheshimu hivi? Mimi sijapeleka posa kwa mtu."

"Jina lako?"

"Zebedayo."

Sitakuficha. Nililitegemea pigo la kwanza, hata hivyo nilipolisikia nilijikojolea kidogo. Nilisikia Boazi akiruka kutoka kwenye lori, nikasikia hendeli, kile chuma cha kuzungushia injini, ikichomolewa mahali pake. Mlango ukafunguliwa kwa nguvu. Kisha chuma kwenye nyama. Sauti yake si kubwa. Ni kama mtu anapiga godoro.

"Umekula ugali wangu!" Boazi alikuwa anapiga kelele. "Siku nne! Umekula mkononi mwangu!"

"Kaka Boazi—"

"Usiniite kaka! Baba yako amemmaliza Lusubilo, wewe umalizie na dada yangu?"

Chuma tena. Kitu kikavunjika, nafikiri ni ubavu. Filimbi ya Mama Darubini ikalia, ile ya kuwaitia watu chai. "Boazi! Wacha! Mimi nasema wacha!" Filimbi, filimbi, kama refa.

"Piga," nikamsikia Lwitiko, sauti inachuruzika. "Mimi sirudishi. Nilitaka kukwambia tukirudi."

"Ungeniambia nini?"

"Kwamba nampenda."

Pigo lililofuata lilimwangusha, nikasikia kichwa chake kikigonga bati la tairi. Mimi nilikuwa nimeuma kaniki. Matete yalikuwa yamenikata viganja, nilikuwa nimeyashika yakiwa mabichi. Kila kiungo kilitaka kugeuka, na shingo yangu ilikataa. Unaweza kunicheka. Hata mimi nimejicheka. Lakini wewe hukuchapwa miguuni kwenye migomba.

"Mwache mwanangu," mzee akasema.

"Wewe!" Boazi akamgeukia. "Wewe nakutafuta tangu nina miaka saba! Nilishika maji, mzee. Lusubilo alikuwa anaomba maji na yakimwingia yanatokea kinenani. Unajua hilo? Ulikaa ukaliona?"

"Nililiona miaka yote niliyofungwa, kijana. Weka hicho chuma chini."

Hakukiweka. Nilisikia mzee akilia kwa maumivu, baadaye tuliambiwa ni mkono wa kushoto uliovunjika juu ya kifundo. Na kilio kile ndicho kilicholeta balaa, maana chini mtoni walikuwako vijana wawili wa ukoo wake wakitazama migono. Wakapanda ukingo mbio. Mmoja aliitwa Nathanaeli, mtoto wa mdogo wake Zebedayo, mkubwa wa mwili kama mlango.

"Baba mkubwa! Nani amekupiga?"

"Huyu! Ni mtoto wa Yonathani!"

Walimshukia kaka yangu kwa marungu. Boazi alipigana, namsifu, nilisikia mtu mwingine akilia kabla yake. Lakini walikuwa wawili, naye alikuwa ameshachoka kwa kumpiga Lwitiko. Akaanguka. Wakampiga akiwa chini, mgongoni, miguuni, kichwani. Mama Darubini aliacha filimbi, akawa anasema maneno ya kwao. Nilimsikia Boazi akikohoa kitu chenye maji.

"Baba mkubwa, tummalize?" Nathanaeli aliuliza, anahema. "Akiondoka hapa hai atarudi na ndugu zake."

"Ana ndugu wengi," akasema yule mwingine.

Nilisikia mpini wa mkuki ukiburuzwa mchangani, mzee akiuinua kwa mkono mmoja uliobaki mzima. Nilisikia hatua zake. Moja. Mbili. Zilikuwa nzito, za mtu asiyetaka kufika.

"Baba," Lwitiko alisema kutoka pale alipolala. "Baba, usifanye. Usifanye tena."

"Amenivunja mkono. Amekuvunja wewe. Nikimwacha, kila siku nitatazama barabara."

Hapo ndipo nilipoinuka.

Sikugeuka. Nitakuapia kwa chochote, sikumtazama mzee yule usoni, si siku ile, si siku nyingine. Nilijifunika vizuri, nikakaza kaniki kiunoni, nikaanza kutembea kinyumenyume. Uso wangu kwenye matete, mgongo wangu kwa ugomvi. Nilihisi njia kwa visigino. Mchanga. Nyasi. Hendeli, yenye joto na utelezi, nikaisogeza kwa mguu. Mchanga tena, lakini umelowa, na nilijua umelowa nini.

"Huyo binti anafanya nini?" mmoja akauliza.

"Anakuja kinyume!"

Kisigino changu kikagusa mwili. Nilijua ni Boazi kwa ile aproni ya jikoni. Nikainua mguu, nikamvuka kaka yangu kama gogo, jambo ambalo mdogo hamfanyii mkubwa wake hata akiwa amelewa. Sasa yeye alikuwa mbele ya vidole vyangu, uso umevimba, jicho moja linanitazama. Na nyuma yangu alikuwa baba mkwe.

Ncha ya mkuki ilinigusa katikati ya mabega. Ilikuwa ya baridi. Haikusukumwa, ila haikuondoka.

Sasa fikiria mahali alipokuwa amesimama mzee yule. Kama mimi si kitu kwake, alikuwa na haki ya kunisukuma kando na kumaliza kazi yake. Lakini kama mimi ni mke wa mwanawe, basi ni yeye aliyekuwa amekosa, kusimama karibu nami kiasi kile. Hapakuwa na cha tatu. Nami nilikuwa nimechoka kumsubiri achague.

Nikarudi hatua moja nyuma.

Ncha ikaingia. Si sana, kama mwiba wa mchongoma, lakini nilisikia damu ikishuka kwenye uti wa mgongo. Nathanaeli akapiga ukelele.

"Baba mkubwa! Ni mkweo huyo! Unamchoma mkweo! Rudi!"

Kisha ncha ikatoka mgongoni mwangu. Nikasikia mguu mmoja wa mzee ukirudi nyuma.

Nikarudi hatua ya pili. Naye akarudi. Ya tatu. Naye akarudi. Mkuki ukawa haupo tena, sikujua ameushusha wapi. Nikaendelea kumsukuma kwa mgongo wangu tu, bila kumgusa, bila kumwona, mpaka nikasikia mawe yakiteleza, na kisha maji. Chubwi. Chubwi tena. Mimi nikasimama juu ya ukingo, yeye akasimama mtoni.

Mzee haruhusiwi kusema na mkwewe. Basi alisema na Nathanaeli, kwa sauti ya juu, akihema.

"Nathanaeli! Mwambie mke wa Lwitiko asogee kidogo. Maji yamenifika magotini, na mamba wa hapa nawajua kwa majina."

Mtu mmoja akacheka, cheko la woga. Nikasogea kando hatua tatu, bado nimempa mgongo.

"Amesogea, baba mkubwa."

"Haya. Weka rungu lako chini na wewe. Mpe huyo kijana maji."

Nathanaeli akainama mtoni akachota maji kwa kofia yake, akamletea Boazi. Boazi aliyakataa kwanza. Aliyatazama muda mrefu sana. Halafu akanywa, mengine yakamtoka puani mekundu.

Mama Darubini alikuwa ameketi chini, kofia imemdondoka, daftari limefunguka mchangani. Hakuna aliyemtazama.

Boazi akajiinua kwa kiwiko. Meno mawili ya mbele hayakuwepo. Hakumtazama Zebedayo, hakumtazama Nathanaeli. Alinitazama mimi.

"Amekuita mke wa Lwitiko," akasema. "Umesikia?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Usinitikisie kichwa! Nimesikia baba wa watu akisema. Nimesikia na huyu mwongo akisema anakupenda. Watu wote wamesema. Wewe hujasema kitu." Akatema damu. "Kama alikudanganya, Tabita, kama alikushika kwa nguvu, niambie sasa. Nina mkono mmoja bado unafanya kazi. Nitanyanyuka, waniue hapa, lakini nitanyanyuka."

"Kaka Boazi, mwache," Lwitiko akasema.

Ndipo nikamtazama. Alikuwa ameegemea tairi la mbele, miguu ameinyoosha kama mtoto, shati limegandamana na kifua. Jicho la kulia lilikuwa limefumba kabisa. Sikio moja limechanika. Alikuwa ameshika ubavu kwa mkono mmoja, na mkono mwingine, hata sasa, alikuwa anaufuta kwenye suruali.

"Asilazimishwe kusema," akasema. "Kwetu binti hasemi. Mimi naelewa. Nimepigwa na nimekubali, yamekwisha. Tabita, mpeleke kaka yako nyumbani. Nathanaeli nilimfundisha mwenyewe, anaweza kuendesha mpaka Isongole."

Alikuwa ananiachia. Alikuwa na ubavu uliovunjika na alikuwa bado ananitafutia mlango wa kutokea, niondoke bila kusema neno, kama nilivyozoea.

Baba mkwe alikuwa nyuma yangu, mtoni, anasikia kila kitu. Nilijua ni aibu. Nilijua mama yangu akipewa habari atalala na njaa siku mbili. Nikatembea mpaka pale tairini, nikapiga magoti mbele ya Lwitiko, nikaondoa kaniki usoni ili anione mdomo. Nikaanza kusema mara mbili.

"Kaka, unisikilize na wewe," nikasema bila kugeuka. "Sikudanganywa. Hakuna aliyenishika. Nilikuwa napoteza kuku makusudi."

Mtu akaguna. Sikujali.

"Lwitiko," nikasema, "nakutaka. Nakutaka tangu siku ya kwanza uliyoniuliza nikacheka."